Mguu wa Mninga

Baba mkwe wangu alikuwa mchonga vinu. Alichonga pia vigoda na miko, na mara chache ngoma, lakini ukiuliza habari zake kuanzia Tabora mjini mpaka njia ya Sikonge watu walisema, "Aa, yule mzee wa vinu." Mimi nilikuwa mkaza mwana wake, mke wa mwanawe pekee aliyebaki hai. Kwa desturi yetu ya siku zile mkaza mwana na baba mkwe hawakuzoeana. Sikula mbele yake wala sikumtazama usoni. Nikitaka kumpa kitu nilikiweka chini nikarudi nyuma, ndipo akainama kukiokota. Nimezaliwa na ulimi mkali, walimu wa shule ya misheni waliupiga vita miaka mingi wakashindwa, lakini mbele ya mzee yule niliufungia kinywani. Naeleza haya ili ijulikane ni shida ya namna gani iliyotuketisha mimi na yeye katika kibanda kimoja, mchana kutwa, tukibishana juu ya gogo.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ya baada ya vita vya pili. Nyumba yetu ilitazama njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka pwani kwenda Ujiji. Misafara yenyewe sikuikuta. Reli iliiua kabla sijazaliwa. Sifa zake lakini hazikufa. Ukoo wa mume wangu ulikuwa ukoo wa wapagazi. Babu yake alifika pwani na pembe begani akarudi, na kila mtoto wa kiume katika nyumba ile alikuzwa kwa maneno kwamba Mnyamwezi ni miguu. Mume wangu aliyaamini. Alipokwenda porini kutazama mizinga yake ya nyuki, alikuwa akiwapungia mkono watu wa baiskeli kwa huruma, kana kwamba wao ndio wagonjwa. Tena alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka hata kanisani, nikawa namfinya.

Alianguka akirina asali. Alipanda mti mkubwa wa mtundu, akakanyaga tawi lililoonekana zima, kumbe ndani limeliwa na kubaki ganda tupu. Wenzake walimbeba kwa machela ya fito mpaka hospitali ya misheni. Mfupa ulikuwa umetoka nje na kidonda kimeshika udongo. Daktari alijitahidi, sina neno juu yake, na mwisho aliniita akaniambia kwamba ni mguu au ni mtu. Nikasema mtu. Wakaukata chini ya goti.

Yule niliyemrudisha nyumbani hakuwa yule aliyetoka. Magongo aliyopewa aliyasimamisha nyuma ya mlango na hakuyagusa. Alikaa ndani, mgongo kwenye ukuta, akitazama kigutu chake kana kwamba ni mgeni asiyeaga. Marafiki walikuja, akajifanya amelala. Nilimpikia alichopenda, akala bila kusema kitu. Sikutaka mali wala sikutaka huruma ya majirani. Nilitaka mume wangu anirudie, acheke, anikere kama zamani. Hatukuwa bado na mtoto, na ile nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naangusha sufuria makusudi ili pasikike kitu.

Daktari alisema miguu ya bandia hutengenezwa mbali, tusubiri. Baba mkwe alipoelezwa aliguna. "Mbali kwa nini? Mimi nimechonga miti maisha yangu yote." Akachukua shoka akaenda porini.

Sasa lazima nieleze ugonjwa wa wachonga vinu. Mtu wa kazi ile haungi kitu. Kinu ni gogo moja, kigoda ni gogo moja, na kitu cha kubeba uzito kikiungwa kwa msumari au kwa gundi, hiyo kwao ni kazi ya mafundi wa mjini wanaotengeneza makabati. "Kinachobeba mtu hakiungwi," alikuwa akisema baba mkwe. "Ukiunga, umekiri kwamba mti umekushinda." Kwa hiyo mguu nao ulipaswa kuwa gogo moja, kuanzia tundu la kuingiza kigutu mpaka kwenye vidole. Ndiyo, vidole. Alikusudia kuchonga vidole vitano na kucha zake.

Mguu wa kwanza aliutoa katika mninga mchanga, mnene kama paja, kwa sababu unene wake ulilingana na wa mguu wenyewe. Alitoboa tundu lake kwa patasi na chuma cha moto, kwa upole wote anaotobolea kinu. Akauweka kivulini ukauke. Baada ya muda tukasikia mlio mkavu kutoka kibandani, na tulipokwenda tulikuta muundi wote umepasuka, ufa umeanzia moyoni mwa mti ukatoka nje. Mzee aliuzungukia akinung'unika. Mti ukikauka hunywea, hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Urefu wake haupungui kitu cha kuonekana. Unene ndio unaopungua, na mzunguko hupungua kuliko upande wa kwenda moyoni, kwa hiyo moyo ukibaki katikati mti hujivuta mwenyewe mpaka uachie mahali. Lakini maisha yake yote alikuwa mtu wa vinu, na kwenye kinu moyo wa mti ndio unaochimbwa na kutupwa. Alikuwa hajawahi kuchonga kitu chembamba chenye moyo ndani. Alikosea kwa sababu ya ufundi wake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuchoka kwa vitu vya karibu, na mwanawe hakutaka hata kuuona ule mti. Nani basi amshikie gogo? Nani ampimie tundu? Mama mkwe alikuwa amefariki. Nilikwenda nikakaa upande wa pili wa gogo, uso nimeutazamisha chini, nikalishika. Hakuniambia nije wala hakuniambia niondoke. Vifaa nilimwekea chini, naye akaviokota chini, na kazi ikaenda kwa mwendo wa kuinamainama uliotuchosha sote wawili.

Mguu wa pili tuliutoa ubavuni mwa mninga mkubwa, mbali na moyo. Huo haukupasuka. Tundu lake alilichonga duara, na lilipokauka likawa yai, kwa sababu ile ile ya mti kunywea upande mmoja kuliko mwingine, na ikabidi alikwangue upya na kulitandika ngozi ya mbuzi. Niliusugua kwa majani ya msasa mpaka viganja vikachubuka. Tukaupaka mafuta ya mbono. Ulipendeza, sitasema uongo. Rangi ya mninga inajulikana, ule wekundu wa asali iliyokaa, na vidole vyake vilikuwa vizuri kuliko vyangu.

Mume wangu alikubali kuujaribu, nadhani kwa kumwonea baba yake huruma. Alitoka uani mara ya kwanza tangu tumrudishe. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye uzio wakijifanya wanapita. Alisimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine, na nikaona kona ya mdomo wake inaanza kupanda, ile kona niliyokuwa nimeingoja. Kisha alipoegemea mbele ili apige nyingine, unyayo ulikatika pale unapokutana na kifundo, akaanguka kifudifudi mbele ya watu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Alitambaa mwenyewe mpaka ndani, akakataa nisimshike.

Baba mkwe alibaki amesimama uani. Aliokota kile kipande chenye vidole, akakitazama palipokatikia, kisha akaninyooshea. Hakukiweka chini. Alinipa mkononi, nami nikakipokea mkononi, na tangu siku ile hatukuwekeana tena kitu chini.

"Angalia," alisema. "Hakuna hata uzi mmoja uliokataa."

Nikaangalia. Mti ukivunjwa kwa nguvu nyuzi zake hukataa. Hutoka ndefu na kali, zinakuchoma. Hapa palikuwa pamekatika kama mhogo mkavu, pakavu na pafupi. Mzee alinieleza, sauti yake imekwisha. Mti ni nyuzi tupu, alisema, ni njia za maji zilizosimama moja kando ya nyingine kutoka mizizini mpaka majani. Ukiuvuta kwa urefu wa njia hizo huuwezi. Ukizitenganisha ubavu kwa ubavu ni kazi ya mtoto, ndivyo kuni zinavyopasuliwa. Sasa katika mguu ule njia zilishuka vizuri kutoka kwenye goti, na zilipofika chini unyayo ukageukia mbele, zenyewe hazikugeuka. Unyayo mzima ulikuwa vipande vifupi vilivyosimama bega kwa bega bila kushikwa na kitu.

"Basi unga," nikasema. Ulimi ulikuwa umenitoka. "Chonga unyayo peke yake, uunge kwa chuma."

"Mwanangu, hujaona amelala pale? Nimpe kitu cha kuungwaungwa?"

Nilikasirika. Ni ukaidi gani huu, niliwaza, mtoto anakufa kwa huzuni na baba analinda heshima ya vinu. Alikaa, akachukua gogo lingine, akaanza kulichonga hivi hivi kwa tezo, bila shabaha, kama mtu anayemenya muwa asiotaka kuula. Nikawa natazama ule mkono unavyopanda na kushuka. Na tezo, kwa asiyeijua, ni chuma kilichofungwa kwenye mpini uliopinda kama kiwiko.

"Baba," nikamwita. "Huo mpini umepinda kuliko mguu wa mtu. Unaupiga kutwa. Mbona hauvunjiki?"

Mkono ulisimama hewani. Aliishusha tezo, akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kiwiko cha mpini, kutoka tawini mpaka shinani, mara nyingi, mpaka nikadhani amenisahau.

"Huu haukupindishwa," akasema polepole. "Huu ulizaliwa umepinda."

Tulitafuta mti wetu muda mrefu. Watu walisema maneno yao, kwamba mzee yule na mkaza mwana wake wanakwenda porini pamoja, dunia imekwisha. Niliwaacha waseme, mwenye mdomo hazibwi. Tulikuwa tunatafuta mninga uliopinda chini karibu na mizizi, mpindo wa kisigino hasa, na uwe mnene wa kutosha kuupasua na kuutupa moyo wake. Mingi ilipinda vibaya. Mwishowe tuliupata kwenye mteremko, mahali ambapo zamani mti mwingine uliuangukia ukiwa mchanga, ukalala nao kidogo, kisha ukainuka kulitafuta jua. Baba mkwe aliupapasa kama anavyopapaswa ng'ombe wa mahari. Alipoupiga shoka ulitoa ule utomvu wake mwekundu, ukamtiririkia mikononi, naye akawa anaufuta kwenye majani huku akiuambia pole.

Safari hii hatukuwa na haraka. Alipoukatia umbo kwa shoka aliziba vichwa vyake kwa nta, nta ya mizinga ya mume wangu mwenyewe, kwa sababu maji hutoka kwa kasi pale njia zake zilipokatwa, na ncha zikitangulia kukauka hupasuka. Tukaufukia kwenye pumba za mtama, kivulini, kiangazi chote. Alichonga baadaye, akifuata mistari ya mti kwa kucha kabla ya kuifuata kwa chuma. Pale nyuzi zilipogeuka naye aligeuka. Unyayo ulitokea mdogo kuliko alivyotaka, na vidole havikutoshea, akaviacha. Kwa mtu yule kuviacha vidole ilikuwa sadaka.

Mume wangu alipouvaa hapakuwa na majirani. Tulihakikisha. Alizunguka nyumba. Akazunguka tena, akiegemea mbele makusudi, akiutesa ule unyayo, akiupiga chini, na mti ukamrudishia kila pigo bila kulia. Akaja mpaka mlangoni niliposimama, akacheka. Nililia mpaka nikaona aibu. Nilisema moyoni, amerudi.

Na kweli alirudi, kwa kitambo. Alilima. Alikwenda kanisani na nikamfinya. Tatizo lilikuwa baba yake, na tatizo lilikuwa sisi sote. Habari za mguu zilienea, wakaanza kuja wageni. Walitoka vijijini mbali, kwa miguu na kwa baiskeli. "Mwangaluka!" wanasalimu kwa Kinyamwezi mlangoni, na kabla hawajakaa macho yameshuka chini. Baba mkwe, ambaye hakuwahi kusifiwa hivi kwa kinu chochote, alikuwa akisema, "Mwanangu, pandisha suruali waone." Naye alipandisha. Waliugonga kwa vidole. Waliusugua. Bibi mmoja aliuinamia akaunusa, akasema mguu wa namna hii ungetwanga mtama, tukacheka wote, na mimi nilicheka kuliko wote. Mume wangu alitabasamu na meno tu.

"Wanausalimu mguu kwanza," aliniambia siku moja tukiwa shambani. "Mimi baadaye."

"Si wanakuja kwa sababu yako?"

"Wanakuja kwa mti, na kwa baba. Mimi ndiye ninayeubeba."

Mara akaanza kwenda Tabora mjini peke yake. Alikuwa na viatu alivyovaa harusini. Alivitundika begani kwa kamba zake, kama tulivyofanya wote ili visiishe njiani, akavivaa alipokaribia mjini, na suruali ikamfunika mpaka chini. Mara ya kwanza alirudi jioni uso unang'aa. Alikuwa amekaa stesheni saa nyingi akitazama watu wakipanda treni, akaongea na wabeba mizigo, akacheza bao na mtu wa pwani. Nikamwuliza kilichomfurahisha ni nini hasa.

"Hakuna aliyeniuliza kitu," alisema.

Baada ya hapo alikuwa akienda mara kwa mara, na kila alipokwenda alichelewa zaidi kurudi. Nyumbani wageni walimkuta hayupo, na baba mkwe akawa anawaeleza kwa mikono jinsi mti ulivyopinda. Usiku nilipouondoa mguu na kumkanda kigutu kwa maji ya moto aliniambia majina ya stesheni alizosikia, moja baada ya nyingine mpaka pwani, kama mtu anayesoma sala. Hakuwa na hasira na mimi. Alinipenda, na nasema hivyo bila mashaka mpaka leo ninapoandika, mkono wangu umezeeka. Kwetu angekuwa siku zote yule wa mguu wa mninga, na kumpenda mtu hakukuwa dawa ya jambo hilo.

Aliondoka alfajiri, mvua za kwanza zimenyesha jioni iliyotangulia. Aliniambia anakwenda kutazama mizinga. Jua lilipopanda nikaona koti lake halipo na sanduku lake dogo halipo, nikatoka mbio nikamkuta baba mkwe amekwisha simama barabarani, kofia mkononi.

Vumbi lilikuwa limelala kwa mvua, na nyayo zilikuwa wazi. Wa kushoto ulikuwa mguu wake, vidole vyote. Wa kulia ulikuwa unyayo wetu. Zilikuwa hazielekei porini. Zilishika njia ya zamani kuelekea mawio ya jua, na hatua zilikuwa ndefu, zimelingana, hazikuyumba popote, wala hapakuwa na mahali aliposimama akageuka. Hakuwa anachechemea. Mgeni angeziona angesema hapa amepita mtu mzima mwenye safari yake.

Baba mkwe alipiga magoti kwenye matope. Akapitisha kidole polepole kuzunguka alama ya unyayo wa mti, kisha katikati, pale unapogeuka, halafu akaenda kwa magoti mpaka kwenye alama ya pili, na ya tatu. Nilijua anachotafuta. Nami nilikuwa nakitafuta, nimeinama juu yake. Mti ukianza kupasuka huacha mstari, hata mwembamba kama unywele, na udongo laini hauufichi. Nilimwomba Mungu anionyeshe mstari ule. Nilimwomba kwa moyo wangu wote auvunje ule mguu, mahali popote, hata mbali, ili mume wangu akae kando ya njia na tumfuate tumlete.

"Macho yako ni mazuri kuliko yangu," alisema mzee. "Tazama wewe."

Nikapiga magoti kando yake, bega kwa bega. Nikatazama moja, nikatazama nyingine, nikarudia.

"Hakuna, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni mzima."

Alikaa chini barabarani pale pale, na mikono yake, ile iliyochonga vinu vya nchi nzima, akaiweka juu ya mapaja kama vitu visivyo vyake.

"Basi atafika," akasema, na akaanza kulia.